Itifaki ya Anga ya Saba

Kulikuwa na nchi moja. Sina hakika kama bado ipo, maana mara ya mwisho nilipoulizia habari zake niliambiwa iko kwenye kikao, nisubiri pale kwenye benchi. Jina lake silitaji. Si kwa woga, hasha. Ni kwamba ukitaka kulitaja vizuri inakubidi kwanza uwataje wanaoiongoza, kwa mpangilio wa vyeo, na karatasi siku hizi ni ghali.

Watu wa nchi hiyo walipenda kitu kimoja kuliko chakula chao: tamthilia ya televisheni iliyoitwa Kikosi cha Anga ya Saba. Ilionyeshwa kila Ijumaa baada ya taarifa ya habari, tangu enzi zile televisheni ilipokuwa moja kwa mtaa mzima na mwenye nayo akisalimiwa hata na wanaomdai. Ilihusu chombo cha angani, kilichoundwa kwa tangi la maji na mabati ya kung'aa, na nahodha wake Kapteni Dhoruba, aliyezunguka sayari baada ya sayari akiwafukuza Makausha. Makausha walikuwa viumbe wa kijivu waliozinyonya bahari za watu kwa mirija. Kila Ijumaa walishindwa, na kila Ijumaa wananchi walishangaa upya.

Kapteni Dhoruba alianza kazi kichwa wazi. Lakini mwaka ule Mlezi wa Taifa alipoanza kuvaa kofia ya ngozi ya chui, Kapteni naye aliamka siku moja akiwa na kofia ya ngozi ya chui, akawa haivui hata akizama majini. Wananchi hawakuuliza kitu. Ni watu wenye adabu.

Basi siku moja Wizara ya Burudani, Anga na Maji Taka ikapata habari kwamba nchi jirani imetengeneza mchezo wa video. Ulikuwa mchezo wa mbuzi anayekula nguo zilizoanikwa, lakini ulikuwa wao, na watoto wa huku walikuwa wanaucheza. Waziri, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Pazi Lukole, ambaye udaktari alipewa kwa heshima na uhandisi alijipa mwenyewe, hakuweza kumaliza chakula chake cha mchana. Wivu wa mtu wa kawaida huitwa kijicho. Wa serikali huitwa mkakati. Jioni ileile akawaita waandishi wa habari.

"Taifa lenye Anga ya Saba," akatamka, "halitashindwa na mbuzi. Tutatengeneza gemu letu, na litazinduliwa siku ya kuzaliwa Mlezi."

*

Mtu aliyefurahi kuliko wote kwa tangazo hilo alikuwa Kheri Matimbwa, fundi wa magemu, na huyu ndiye tutakayemfuata.

Kheri alikuwa na haki ya kufurahi. Kwa miaka alikuwa ameshinda mbele ya kompyuta yake akitengeneza kigemu kidogo cha Kapteni Dhoruba, kisicho na ruhusa ya mtu, na kigemu hicho kilikuwa kwenye simu za nusu ya watoto wa mji. Wote walikijua, hakuna aliyejua ni cha nani. Na Kheri hakutaka gari, wala kiwanja, wala kuitwa mheshimiwa. Alitaka kitu kimoja tu: gemu linapofunguka, kabla nyota hazijaanza kumetameta, kioo kiandike *Limetengenezwa na Kheri Matimbwa*, watu walisome jina hilo, walijue. Hilo tu. Alilitaka kwa uchu wa mjamzito anayetamani udongo.

Akafua shati jeupe, akamwambia mkewe, Bi Sihaba, "Wataniita. Nani mwingine wa kumwita?"

Wakamwita Jaha Sengondo.

Jaha na Kheri walikaa benchi moja Chuo cha Ufundi. Kheri aliandika programu, Jaha alichora. Kisha Jaha akapata nafasi ya kusoma ng'ambo, akarudi na koti la mifuko mingi na tabia ya kumsalimia kila mtu kwa jina. Wizara ililiona koti, ikaridhika. Akatangazwa Mkurugenzi wa Mradi katika Ukumbi wa Umma, mbele ya halaiki.

Ni lazima nieleze hapa desturi moja ya nchi ile, maana msomaji wa nchi nyingine, kama ya kwako, hawezi kuijua. Kule mtu hafungui kinywa hadharani kabla ya kuwatambua waliopo: Mlezi, Mama Mlezi, Spika, mawaziri, makamishna, viongozi wa dini, mpaka mwenye kukodisha viti, kila mmoja kwa zamu yake. Zamani walikuwepo wavivu waliosema tu "itifaki imezingatiwa" na kuendelea na hotuba. Sheria ikapitishwa. Itifaki ikishaanza haikatizwi, hata nyumba ikiwaka moto, na anayeongea bila itifaki anahesabiwa amemtukana kila mtu ambaye hakumtaja.

Siku hiyo Waziri aliwatambua wote kwa utulivu, akamtaja Mkurugenzi Jaha Sengondo, akawataja wanakamati, kisha akamalizia: "...na wengineo." Kheri alikuwa ndiye huyo wengineo. Alikuwa amekaa safu ya mwisho kabisa, kwenye kiti cha plastiki kilichopinda mguu, karibu na mlango wa choo, na kila aliyetoka chooni alimpungia mikono yenye maji. Cheo chake kilikuwa Msaidizi wa Pili wa Mtaalamu Mwandamizi. Msaidizi wa Kwanza hakuwepo. Nafasi yake alikuwa ametunziwa mpwa wa Waziri, aliyekuwa bado sekondari.

Wivu ukampanda Kheri kifuani kama kiungulia. Na lililomuumiza zaidi ni kwamba Jaha, mkutano ulipokwisha, alipasua umati akaja kumkumbatia.

"Kheri bwana! Nimewaambia bila wewe mimi sifanyi kitu. Wewe ndiye mwenye gemu, mimi napaka rangi tu."

Angekuwa mbaya, Kheri angemchukia kwa raha zake. Lakini Jaha alikuwa mtu mwema, na kumchukia mtu mwema ni kazi ya kutwa nzima. Kheri akatabasamu mpaka taya zikamuuma.

*

Kazi ikaanza, na matatizo yakaanza siku ileile.

La kwanza lilikuwa sura. Tamthilia ina waigizaji, na gemu linahitaji nyuso zao. Mzee Stambuli Kejo, aliyekuwa Kapteni Dhoruba tangu kijana, sasa alikuwa na tumbo lililofika eneo la tukio kabla yake. Alitaka gemu limwonyeshe kwa kiuno cha ujana. Akapewa. Bi Arafa Nondo, rubani wa chombo, alipokiona kiuno hicho, alitaka naye aongezwe urefu, alingane na Kapteni. Akapewa. Mzee Stambuli akasema mwanamke hawezi kulingana na nahodha, naye aongezwe. Wakaendelea hivyo wiki baada ya wiki, kila mmoja akimchungulia mwenzake kwenye kioo, mpaka vichwa vyao vikatoboa paa la chombo na kuning'inia angani bila hewa. Jaha hakulalamika. Alilichora paa upya, akalipandisha, na chombo kikatokea kuwa kizuri kuliko mwanzo, chembamba na kirefu. Kheri alikitazama, akajikuta amekipenda, akajichukia.

Tatizo jingine lilikuwa Mfalme wa Makausha. Kwenye televisheni alifunikwa gunia, lakini gemu lilitaka uso, na hakuna mwigizaji aliyekubali kutoa wake. "Mama yangu ataona," walisema. Mfalme akabaki na uso mtupu, kama sahani iliyooshwa.

Kisha kulikuwa na Baraza la Uhakiki wa Anga, lililoundwa na wastaafu ili kuhakikisha gemu halipingani na tamthilia. Wengi wao hawakuwahi kuitazama; Ijumaa huwa wanalala mapema. Lakini posho ya kikao haikuuliza hilo. Katika kikao cha kwanza Baraza liliamua kwamba Kapteni Dhoruba, kwa kuwa anavaa kofia anayoivaa, hawezi kufa, wala kuanguka, wala kurudi nyuma, wala kukosea njia.

Jaha akanyoosha mkono na, baada ya itifaki, akauliza, "Waheshimiwa, mchezo ambao mtu hawezi kushindwa, nani ataucheza?"

"Mbona uchaguzi tunafanya," akajibu Mwenyekiti, "na watu wanajitokeza?"

Jaha akarudi ofisini amejishika kichwa. "Kheri, ndugu yangu, nitafutie kitu. Kisiwe kifo, lakini kiumize."

Kheri hakuhitaji kufikiri sana. Adhabu mbaya kuliko kifo alikuwa anaijua, alishaikalia, na mguu wake mmoja ulikuwa umepinda. Akaandika programu kwamba Kapteni akishindwa, Makausha wambebe juu kwa juu mpaka safu ya mwisho, wamkalishe kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa choo, na kioo kiandike kwa herufi kubwa: NA WENGINEO. Baraza likapitisha bila swali, kwa sababu si kifo, na kwa sababu chai ilikuwa imeshaletwa.

*

Ninachotaka mkiamini ni hiki: gemu lilikuwa zuri. Katikati ya upuuzi wote ule, Kheri akiandika na Jaha akichora, kikazaliwa kitu. Chombo kiliteleza kati ya nyota, bahari zilipungua kweli Makausha wakivuta mirija, na ukiwapiga zilirudi kwa kishindo, samaki wakiruka. Siku walipoliendesha zima kwa mara ya kwanza, Kheri alicheza mpaka akasahau njaa. Alicheka peke yake. Akalirudisha mwanzo ili aanze tena.

Ndipo kioo kikaandika kwa herufi za dhahabu: *Limetengenezwa na Jaha Sengondo.* Na chini yake, kwa herufi za kutafuta kwa miwani: *na wengineo.*

"Niliwaandikia wizarani," Jaha akasema haraka, uso umemsawijika. "Wamesema ngazi yako haionyeshwi kwenye kioo. Nitawafuata tena, haki ya Mungu."

"Aa, usijali," Kheri akasema. "Jina kitu gani?"

Akaenda nyumbani, akakaa uani, akakataa wali. Akamweleza mkewe habari ya herufi za dhahabu, kisha akamweleza tena, kisha akaanza mara ya tatu.

"Baba Nasra," Bi Sihaba akamkata, "wivu wako huo ungekuwa unga, tungekula mwaka mzima tukawagawia na majirani. Mwenzio kakukosea nini?"

"Hajanikosea kitu! Ndiyo kinachoniuma!"

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Kheri alikuwa anayo, lakini ilikuwa ndogo, akailea mpaka ikawa na meno.

*

Kikao cha mwisho cha Baraza kilikuwa cha kupitisha tu. Jaha aliliendesha gemu mbele ya wastaafu na Waziri. Chombo kikatua, Makausha wakachomoza, Kapteni akatoa bunduki ya mwanga, akafyatua. Wastaafu wakapiga makofi. Wawili wakaomba kujaribu. Waziri tayari alikuwa ameshika kalamu na Katibu amefungua muhuri. Jaha akageuka kumtafuta Kheri kwa macho, akamwonyesha dole gumba.

Dole gumba lile ndilo lililofanya mambo yaharibike. Kheri akanyoosha mkono. Akawatambua wote, taratibu, hakuruka mtu. Kisha akasema kwa sauti tamu, "Mimi ni mdogo hapa, naomba nielimishwe. Nimemwona Kapteni wetu, mwenye kofia tunayoijua, akifika ugenini na kufyatua risasi. Hakumtambua mtu. Je, hii ndiyo itifaki tunayotaka watoto wajifunze?"

Kila mmoja ukumbini aliogopa kuonekana ndiye ambaye hakuligundua.

"Nililiona," akasema Mwenyekiti. "Nilikuwa nangoja."

"Mimi niliona mwanzo kabisa," akasema Waziri, akafunga kalamu.

Kilichofuata hakisimuliki kikaisha. Iliamuliwa Kapteni asifyatue chochote kabla ya kuwatambua viongozi wote, mmoja mmoja, kila mmoja na kitufe chake na picha yake ikiinama kupokea. Ndipo swali likaja: nani wa kwanza baada ya Mlezi na Mama Mlezi? Spika na Jaji Mkuu hawakusemezana tangu siku ile. Kamishna wa Uvuvi akadai atangulie Kamishna wa Mifugo kwa kuwa hii ni hadithi ya bahari. Kamishna wa Mifugo akauliza kama kofia ya Kapteni imetengenezwa kwa samaki. Wakuu wa wilaya wakasafiri kutoka mbali kuja kuhakikisha wamo. Mke wa Waziri akaingizwa, kisha mke wa pili alipopata habari akaingizwa juu yake. Kila aliyeona picha ya mwenzake imeinama vizuri alirudi na picha mpya. Ukikosea mpangilio, umeshindwa.

Kheri alikaa pembeni, moyo wake umejaa asali. Mkurugenzi Sengondo atazindua mbele ya Mlezi gemu la vita ambalo halina vita, bali salamu mpaka vidole vife ganzi. Na jina lake litakuwa juu, kwa herufi za dhahabu.

"Haya mambo yananimaliza," Jaha akamwambia. "Mtu anasalimia saa nzima, Makausha wanafanya nini wakati huo? Wanasimama tu kama miti?"

"Hilo sasa ni la Mkurugenzi," Kheri akasema.

Baada ya siku chache Jaha akamwita aje aone. Alikuwa amewachorea Makausha turubai. Walikaa chini yake kwenye viti vya plastiki, wamevaa nadhifu, wanapokea soda, wananyonya kwa mirija yao, na kila kiongozi akitajwa wanapiga makofi ya adabu. Itifaki ikikosewa tu, wanasimama kwa pamoja. Kilikuwa kichekesho cha ajabu. Kheri alitafuta kosa, hakuliona. Alitamani kulia. Hata ubaya aliomfanyia, mwana hizaya alikuwa ameupamba.

*

Siku ya kuzaliwa Mlezi ilifika. Ukumbi wa Umma ulijaa, na kioo kilichofungwa ukutani kilikuwa na ukubwa wa ukuta wenyewe. Kheri alikuwa safu ya mwisho, kiti kilekile. Alikuwa amekuja mapema ili aone vizuri jinsi rafiki yake atakavyoaibika.

Mlezi akashika pedi ya kuchezea gemu. Chombo kikatua kwenye sayari. Makausha wakaketi, wakafungua soda.

Mlezi akabonyeza. Picha ya Mama Mlezi ikainama. Mama Mlezi mwenyewe, pale ukumbini, akasimama na kuinama. Akabonyeza tena, Spika akainama ukutani na kwenye kiti. Ikaendelea hivyo, safu kwa safu, viongozi wakiinuka na kuketi, chakula kikipoa nyuma ya pazia, na Jaha jasho likimtiririka ndani ya koti. Kheri alikuwa anahesabu miayo.

Ilipofika kwa makamishna, Mlezi akasimamisha kidole. Akaonekana anafuta macho.

"Wajukuu zangu," akasema, na yeye peke yake aliruhusiwa kusema bila itifaki, "wana magemu ya kigeni. Nimeyacheza. Mtu anaingia, anaua, anatoka. Hodi hakuna, shikamoo hakuna. Leo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nimeona vita vyenye malezi. Hata adui anajua kukaa! Nani amebuni jambo hili?"

"Wizara, Mlezi," akasema Waziri.

"Wizara haina kichwa. Nani?"

Waziri, kwa uchungu mkubwa, akamwonyesha Jaha. Mlezi akatangaza papo hapo: Nishani ya Anga daraja la kwanza, na nyumba yenye geti. Watu wakalipuka kwa vigelegele. Jaha akapewa kipaza sauti.

Nanyi mnaijua desturi. Jaha hakuweza kusema alichotaka kusema. Ilimbidi aanze. "Mlezi wa Taifa... Mama Mlezi... Mheshimiwa Spika..." Na alipokuwa akiwataja aliangalia kule nyuma, mlangoni mwa choo, akatabasamu.

Tabasamu lile Kheri alilipokea kama kofi. Nishani! Kwa wazo la itifaki, lililotoka kinywani mwake, ubaya wake alioutengeneza kwa mikono yake! Hata dhambi zake sasa zinamletea Jaha nyumba yenye geti. Akajaribu kuvumilia mpaka mawaziri. Akajaribu mpaka makamishna. Alipomsikia Jaha anaingia kwa wakuu wa wilaya, akashindwa. Akaruka, kiti kikaanguka.

"Ni langu! Wazo ni langu! Huyu hakubuni kitu!"

Katika historia ya nchi ile hakuna aliyewahi kukatiza itifaki. Mlezi akashtuka, kidole kikateleza, kikambonyeza Kamishna wa Mifugo kabla ya Kamishna wa Uvuvi.

Makausha wakaweka soda zao chini, wakasimama. Wakamnyanyua Kapteni Dhoruba pamoja na kofia yake ya ngozi ya chui, wakampitisha juu kwa juu, safu baada ya safu, mbele ya taifa zima, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki kilichopinda mguu. Mlango wa choo ukafunguka nyuma yake. Ukuta mzima ukaandika: NA WENGINEO.

Hakuna aliyecheka. Naapa hakuna. Kiongozi wa bendi alishikwa na kikohozi tu, na nasikia uchunguzi wa kikohozi hicho unaendelea vizuri.

"Wazo la nani, umesema?" Mlezi akauliza taratibu.

Kheri akainama kukiinua kiti chake kilichoanguka. Lakini sauti moja ilikuwa bado inasikika. Itifaki ikianza haikatizwi, na Jaha hakuwa ameacha kuwataja viongozi hata dakika moja. Sasa alifika mwisho, na sheria ilimtaka amalizie alichokusudia kusema, kama alivyokikusudia.

"...mabibi na mabwana," akasema Jaha, machozi yakimtoka, "sifa hizi si zangu. Wazo la itifaki ni la rafiki yangu Kheri Matimbwa, aliyekaa kule nyuma. Na kile kiti pia ni cha kwake. Naomba jina lake liandikwe mbele ya langu."

*

Nchi ile haiwafungi wasanii. Inawatumia. Baraza la Uhakiki lilikaa kumjadili Kheri, na kwa mara ya kwanza lilimaliza kabla ya chai.

"Kwa kuwa mtuhumiwa anatamani mno jina lake lionekane," Mwenyekiti akasoma, "na kwa kuwa Mfalme wa Makausha hana uso, Baraza linaamuru Mfalme apewe uso wa mtuhumiwa, na jina lake kamili juu ya kichwa, lisomeke kwa mbali. Na kwa kuwa mtu huyo hastahili salamu ya mtu yeyote, popote atakapoonekana apigwe mara moja, bila itifaki. Kile kiti akikalie yeye."

Amri ikatekelezwa. Na kwa kuwa Mfalme huonekana kuanzia mwanzo wa gemu mpaka mwisho wake, hakuna mtoto aliyelazimika tena kumsalimia kamishna. Chombo kilitua, uso wa Kheri ukachomoza, vita vikaanza. Lile gemu zuri likatoka hai kutoka chini ya picha zote zile, na nchi nzima ikalicheza: shuleni, sokoni, kwenye foleni ya maji. Mbuzi wa jirani akasahaulika. Kila pembe ulisikia "Matimbwa huyo! Mpige Matimbwa!" na kelele za shangwe Matimbwa anapokalishwa mlangoni mwa choo.

Mwezi wa kwanza Kheri hakutoka nje. Mwezi wa pili alitoka kununua mkate, watoto wakamwona, wakamfyatulia kwa vidole, "piu, piu!" Kwa fedheha, ili yaishe, akajishika kifua na kuanguka. Wakashangilia kwa furaha ambayo hakuwahi kuiona kwenye uso wa mtu aliyemtazama. Kesho yake akaanguka vizuri zaidi. Bi Sihaba akamwambia anachafua mashati. Ila Kheri aliona mkewe naye anachungulia dirishani kila yeye anapoanguka.

Jioni moja gari la serikali likasimama nje ya ua. Akashuka Jaha, nishani kifuani, amekonda. Kheri alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, kilekile cha ukumbini, alicholetewa pamoja na amri ya Baraza. Jaha akasalimia, akapewa kigoda, akahangaika nacho.

"Nyumba yenye geti vipi?" Kheri akauliza.

"Ipo." Jaha akaifinyafinya kofia yake. Nje watoto walikuwa wanaliimba jina la Matimbwa, na kila walipolitaja alikunja uso. "Kheri, unajua wanafanya nini jina langu likitokea pale mwanzo? Wanabonyeza kuliruka. Wote. Hata mwanangu. Nimemuuliza gemu hili nani kalitengeneza, akaniambia, 'Si Matimbwa?'"

Kheri alikuwa anautazama uso wa rafiki yake, ulivyovutika kwenye mashavu na kupauka midomoni. Aliujua uso ule vizuri. Alikuwa ameunyoa kila asubuhi kwa miaka, kwenye kioo chake mwenyewe.

"Nilikuwa nafikiri," Jaha akaendelea, sauti imeshuka, "huyo Mfalme wa Makausha... hana mdogo wake? Hata binamu. Hata Kausha mmoja mdogo wa kupigwa mwanzo tu, lakini mwenye jina. Wewe wakikuuliza wanakusikiliza sasa. Nisemee, ndugu yangu."

Kheri akaegemea kiti chake, ule mguu uliopinda ukalia. Utamu ulimpanda taratibu, wala hakuuharakisha.

"Ni jambo la kuzungumzika," akasema. "Lakini umeanza vibaya. Itifaki iko wapi?"

Jaha akamwangalia kama anatania. Akaona hatanii. Akasimama, akaiweka sawa nishani yake, akakohoa.

"Mheshimiwa Mfalme wa Makausha," akaanza, "Bi Sihaba, Mama Mfalme... binti yenu Nasra... majirani mliopo ukutani... watoto wote wa mtaa huu..."

Akaendelea mpaka kwa muuza mkate. Kheri alimsikiliza mwanzo hadi mwisho, na hakumkatiza hata mara moja.